Kengele za Mnarani Ndani ya Kinanda: Maswali ya Wasomaji

Toleo lililopita tulitaja kwa kupita tu kwamba Wafaransa wana mazoea ya muda mrefu ya kutunga muziki wa kinanda kutokana na kengele za makanisa yao makuu. Barua zimemiminika, nyingi zikiwa za wapiga vinanda wa kwaya. Tumechagua chache. Kila tunaposema "kinanda" hapa chini tunamaanisha kile kikubwa cha mabomba, kinacholia kwa upepo. Kinanda cha umeme tutakitaja kwa jina lake kamili.

Nimesikia kipande kiitwacho "Carillon de Westminster". Mtunzi ni Mfaransa, kengele ni za London. Imekuwaje? Naomba pia ule wimbo wa saa kwa solfa. (Msomaji, Morogoro)

"Carillon" ni mlio wa kengele kadhaa zilizopangwa. Mtunzi ni Louis Vierne, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Notre-Dame ya Paris kuanzia 1900 hadi 2 Juni 1937, siku alipofariki akiwa kwenye kiti cha kinanda hichohicho, onyesho likiendelea. Kipande hicho ni cha mwaka 1927. Ndicho kinachofunga fungu la tatu la mkusanyo wake uitwao "Pièces de fantaisie", naye alimtunukia Henry Willis, fundi Mwingereza wa kuunda vinanda. Huo ndio uhusiano wake na London.

Wimbo wenyewe haukuzaliwa London. Ulianza kulia Cambridge, kwenye kanisa la St Mary the Great, mwaka 1793, na mnara wa Bunge la Uingereza ukauchukua mwaka 1859. Una kengele nne tu: mi, re, do na sol ya chini. Kutokana na hizo nne vimepangwa vifungu vitano:

1: mi re do sol
2: do mi re sol
3: do re mi do
4: mi do re sol
5: sol re mi do

Robo ya kwanza hulia kifungu cha 1 peke yake. Nusu saa hulia cha 2 na cha 3. Robo ya tatu hulia cha 4, cha 5, kisha cha 1. Saa kamili hulia cha 2, 3, 4 na 5, ndipo Big Ben ihesabu saa.

Sasa tazama mwisho wa kila zamu. Robo ya kwanza inaishia kwenye sol, sauti inayoning'inia. Nusu saa inaishia kwenye do, unapumua. Robo ya tatu inarudi kuning'inia kwenye sol. Saa kamili inatua kwenye do. Kabla mtunzi hajaandika nota hata moja, saa imekwisha kumpa safari iliyokamilika, yenye kungoja na kufika. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye siri ya kipande hiki kupendwa kuliko vingine vyote vya aina yake.

Ukilinganisha na saa halisi utakuta Vierne ametofautiana nayo mahali pamoja. Wapiga vinanda husimulia kwamba Willis alimwimbia vibaya, au Vierne alisikia vibaya. Vyovyote iwavyo, usimsahihishe. Mkono mwingine na miguu vimejengwa juu ya nota zilizochapishwa, na ukibadilisha moja utakuta umegongana na zilizo chini yake.

Kosa linaloharibu kipande hiki mara nyingi ni kuanza kwa sauti kubwa. Kinaanza kwa upole, rejista (safu za mabomba unazozifungua) chache, vibao vya sanduku la sauti, vinavyoyafunika mabomba ili sauti ipungue, vikiwa vimefungwa, na kinakua hatua kwa hatua mpaka kinanda kizima kinguruma. Ukitumia nguvu yote kwenye ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho hutakuwa na cha kuongeza, na msikilizaji atachoka kabla yako.

Kinanda chetu cha umeme kina sauti ya kengele. Nikiipiga pamoja na sauti ya kinanda cha kanisa, zinakwaruzana kana kwamba moja imeshuka. Je, kinanda ni kibovu? (Mpiga kinanda wa kwaya, Kisumu)

Si kibovu. Kengele ndivyo ilivyo.

Kengele ikigongwa haitoi sauti moja, hutoa kundi la sauti. Chukua kengele iliyorekebishwa vizuri, ambayo sikio linaisikia kuwa nota ya la, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Ndani yake mna mvumo wa 220, oktava moja chini, na huo ndio unaobaki hewani baada ya nyingine zote kuzimika. Kisha iko 440 yenyewe, kisha karibu 528, karibu 660, na 880. Inayoleta ugomvi ni 528. Kutoka la hadi hapo ni tatu ndogo, ule umbali unaoufanya wimbo usikike wa majonzi. Karibu kila kengele kubwa ya kanisa imeubeba, hata ikilia siku ya harusi.

Bomba la kinanda halina tabia hiyo. Sauti zake za ndani hufuata hesabu kamili: mara mbili, mara tatu, mara nne, mara tano. La ya chini yenye mitetemo 110 ina ndani yake 220, 330, 440 na 550. Hiyo 550 ni tatu kubwa juu ya 440. Kwa hiyo kengele inadai 528, kinanda kinadai 550, na mkwaruzo unaousikia ni madai hayo mawili yakikutana.

Jambo hili lina maana hata kwenye kinanda halisi. Vinanda vya Kifaransa vina rejista iitwayo Tierce, ya futi 1 3/5 (futi ni urefu wa bomba lake refu zaidi; ya futi 8 ndiyo hulia nota kama ilivyoandikwa), ambayo kazi yake ni kuongeza ile mara tano. Ukiivuta ukidhani inaongeza "ukengele" kwenye nota za katikati na za chini, utapata sauti tamu ya puani, si kengele. Rejista inayofaa zaidi ni Nasard, futi 2 2/3, kwa sababu inaongeza tano safi, na tano imo pia kwenye kengele. Aristide Cavaillé-Coll, fundi mkuu wa vinanda wa Ufaransa wa karne ya 19, aliweka kwenye baadhi ya vinanda vyake rejista iliyoitwa Carillon yenyewe, iliyounganisha safu za futi 2 2/3, 1 3/5 na 1. Hiyo inafaa kwa kengele ndogo za juu. Sikio halipimi tatu kwa ukali kule juu, linasikia mng'ao tu.

Lakini hata ukipatanisha hizo sauti zote, kuna tofauti iliyo kubwa zaidi. Kengele huanza kufa palepale ilipogongwa. Bomba halifi: litalia vilevile mpaka uinue kidole. Hivi ni vyombo vilivyo kinyume kabisa. Ndiyo maana watunzi wa Kifaransa waliofaulu hawakuhangaika kuiga sauti ya kengele. Waliiga mwenendo wake: jinsi inavyojirudia bila kuchoka, jinsi kubwa na ndogo zinavyopishana, jinsi mlio mpya unavyotua juu ya mabaki ya ule uliotangulia. Ushauri wetu ni uiache ile sauti ya kengele ya kinanda cha umeme, na ufanye kazi yote kwa sauti ya kinanda cha kanisa.

Basi nielezeni kwa vitendo. Nina kinanda cha umeme chenye vitufe 61, hakina kanyagio za miguu. Nataka kupiga kitu cha kengele watu wakitoka misani. (Msomaji, Moshi)

Kama unasoma nota, anza na Vierne huyohuyo. Mwaka 1914 ulichapwa mkusanyo wake wa vipande 24 uitwao "24 Pièces en style libre", alioutunga kwa ajili ya kinanda au harimoniamu, kwa mistari miwili tu, hivyo unapigika bila kanyagio. Namba 21 ni "Carillon", iliyojengwa juu ya mlio wa kengele za kikanisa cha kasri la Longpont, katika mkoa wa Aisne, kaskazini mwa Ufaransa. Ni kipande kigumu kiasi. Jipe wiki kadhaa, mkono wa kushoto kwanza.

Kama unataka kubuni mwenyewe, jifunze kwanza mlio mmoja wa kengele kubwa. Chagua sauti ya filimbi ya futi 8, laini, isiyotetemeka. Mkono wa kushoto ushike do mbili zilizopishana oktava, ile ya juu ikiwa do ya katikati. Mkono wa kulia ushike mi iliyoshushwa nusu toni, sol, na do inayofuata. Hizo ni nota tano, na ni zilezile sauti tano za kengele tulizozitaja kwenye jibu lililopita. Zipige zote kwa wakati mmoja, kavu. Halafu inua vidole kutoka juu kwenda chini. Kwa mwendo wa pigo moja kwa sekunde, do ya juu iachie baada ya nusu pigo, sol baada ya pigo moja, mi baada ya mawili, do ya katikati baada ya matatu. Do ya chini ibaki peke yake mpaka pigo la sita. Sikiliza kinachotokea: sauti inang'aa, inatulia, inabaki mvumo. Umelifanya bomba lisilokufa life.

Kosa la kawaida hapa ni kuachia vidole vyote pamoja. Ukifanya hivyo umepiga nota tano tu, hakuna kengele. Kosa jingine ni kuzipiga kengele mbili au tatu kwa mtindo huu kwa mpigo mmoja. Zile tatu ndogo zitagongana, na patabaki tope. Mtindo wa nota tano ni wa kengele kubwa peke yake. Ndogo zipewe nota mojamoja.

Kisha zipange zipishane. Katika makanisa ya Ufaransa kengele nyingi huning'inizwa na kubembezwa, na kila moja ina mwendo wake: kubwa hubembea polepole, ndogo haraka. Kwa hiyo haziendi sambamba, hupishana na kukutana, kisha hupishana tena. Kwenye vitufe fanya hivi. Mkono wa kulia urudie nota tatu za haraka, tuseme do si la, bila kusimama. Mkono wa kushoto urudie nota nne za mwendo uleule, tuseme do sol la sol. Mikono itaanza pamoja na haitakutana tena mwanzoni mpaka nota ya 13, yaani kila baada ya nota 12. Mwenye kanyagio aongeze do ya mguu kila baada ya nota tano. Hapo vitatu hivyo vitakutana mara moja tu katika kila nota 60. Ni hesabu ndogo, lakini msikilizaji husikia mnara mzima.

Yapo mambo matatu ya kuangalia. Usikanyage pedali ya kurefusha sauti, maana itaunganisha kila kitu na kuua mpishano wote. Usiweke mkazo kila mkono wa kulia unaporudi kwenye do. Ukifanya hivyo sikio litahesabu tatu-tatu na litaacha kabisa kuusikia mkono wa kushoto. Na kama kanisa lenu lina mwangwi mrefu, punguza mwendo na uinue vidole mapema, kwa sababu kuta zenyewe tayari zinafanya kazi ya kuunganisha.

Kumalizia ndipo wengi wanapojikwaa, kwa kuwa wamezoea kupunguza mwendo mwishoni mwa wimbo. Kengele haipunguzi mwendo. Kamba ikiachwa, mbembeo unakuwa mfupi lakini muda wa kwenda na kurudi haurefuki, kama pembea ya mtoto. Mwishowe ulimi haufikii tena ukingo, basi, kengele imenyamaza. Kwa hiyo toa mkono wa kulia kwanza, katikati ya mzunguko wake. Mkono wa kushoto uendelee mizunguko miwili hivi kwa mwendo uleule, nao ukome. Halafu mlio mmoja wa kengele kubwa, kwa ile njia ya vidole vitano.

Fuga ya Duruflé juu ya kengele za Soissons ni ngumu kuielewa kwa kusikia. Tusikilize nini? (Mwanafunzi wa muziki, Kampala)

Soissons uko Aisne, mkoa uleule wa Longpont. Maurice Duruflé alichukua mlio wa saa wa kanisa kuu la mji huo na mwaka 1962 akautungia fuga, kazi yake namba 12, aliyomtunukia padre Henri Doyen, mpiga kinanda wa kanisa hilo. Duruflé aliwahi kumsaidia Vierne pale Notre-Dame, na alikuwa kando yake siku ile ya Juni 1937.

Fuga huanza kwa sauti moja kutamka wazo peke yake. Sauti ya pili hulijibu wazo lilelile kutoka mahali pengine pa ngazi, kwa kawaida tano juu, huku ya kwanza ikiendelea na maneno mengine, kisha huja ya tatu, na kadhalika. Fikiria maana yake kwa kengele. Kengele imeyeyushwa ikawa na sauti moja hadi mwisho wa maisha yake. Mnara wa Soissons hauwezi kamwe kuupandisha mlio wake tano juu. Kwenye fuga unapanda. Wazo lililofungwa kwenye shaba linapewa miguu, na nadhani hicho ndicho kilichomvutia Duruflé.

Basi sikiliza mara ya kwanza kwa ajili ya jambo moja tu: hesabu kila mlio wa saa unapoingia, na ujiulize umeingilia juu, katikati, au miguuni. Ukiupoteza, usirudi nyuma, subiri utakaofuata. Mara ya pili sikiliza jinsi nafasi kati ya maingilio inavyopungua kadiri unavyokaribia mwisho, mpaka milio inapandana. Kipande ni kifupi, dakika tatu na ushei, kwa hiyo kusikiliza mara nne si kazi.

Je, mambo haya yalianza na Vierne? (Msomaji, Bujumbura)

La. Louis Couperin, aliyekuwa mpiga kinanda wa Saint-Gervais ya Paris kuanzia 1653 hadi 1661, ameacha "Carillon" iliyokuwa na mahali pake katika ibada: ilipigwa jioni ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, kati ya Masifu ya Jioni ya sikukuu hiyo na Masifu ya Marehemu. Kengele za mnarani zikiwaita watu kuwaombea wafu, kinanda kilizijibu kutoka ndani. Mwaka 1685 Nicolas Lebègue naye akatia kipande kiitwacho "Les cloches", yaani "Kengele", katika kitabu chake cha tatu cha kinanda. Vierne na wenzake walirithi, wakaongezewa na vinanda vikubwa vya Cavaillé-Coll vilivyoweza kutoka mnong'ono hadi ngurumo.

Paroko ananiambia vipande vya namna hii havifai Kwaresima. Ana haki? (Msomaji, Tabora)

Ana haki. Wakati wa Kwaresima kinanda hutumika kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Majilio hakikatazwi, ila hupigwa kwa kiasi. Na kuanzia baada ya Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka kengele zenyewe huwa kimya. Watoto wa Ufaransa huambiwa kwamba siku hizo kengele zimeruka kwenda Roma, na zikirudi Pasaka huja na mayai ya chokoleti.

Kwa hiyo ukitaka siku ambayo carillon itapokelewa kwa mikono miwili, ni mwisho wa misa ya Mkesha. Watu wamekaa siku mbili bila kengele, masikio yao yana njaa.

Kengele za Notre-Dame alizozisikia Vierne ndizo zinazolia leo baada ya ule moto? (Msomaji, Muscat)

Ni moja tu katika zile za minara miwili ya mbele: Emmanuel, kengele kubwa ya mnara wa kusini. Iliyeyushwa upya miaka ya 1680 wakati wa mfalme Louis XIV, ina uzito wa tani 13 hivi, na hulia fa iliyopandishwa nusu toni. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wenzake walivunjwa na kuyeyushwa, yenyewe ikasalimika. Kengele nne za karne ya 19 ambazo Vierne alizisikia kwenye mnara wa kaskazini hazikuwa zimepatana vizuri, na mwaka 2012 ziliondolewa. Mwaka 2013, kanisa lilipotimiza miaka 850, zikaja kengele mpya tisa: nane ndogo zilizoyeyushwa Villedieu-les-Poêles, Normandie, na Marie, yenye tani 6, iliyoyeyushwa Asten, Uholanzi.

Moto wa 15 Aprili 2019 haukuziangusha. Zile nane za mnara wa kaskazini zilishushwa zikatengenezwa, zikapandishwa tena mwaka 2024, na zikalia mwezi mmoja hivi kabla ya kanisa kufunguliwa Desemba. Kinanda nacho hakikuungua. Vumbi la risasi lilikuwa limejaa humo, mabomba yake karibu 8,000 yakatolewa, yakasafishwa, na yakarudishwa mahali pake. Ukitaka kusikia alichosikia Vierne, itafute Emmanuel ikilia peke yake, kisha uache dakika moja ya kimya kabla ya kufungulia kinanda.